Kabla ya Kukata Tiketi ya Unguja, Ijue Demani: Historia ya Misimu ya Kisiwani



Nawaandikia kutoka Issuna, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka kadhaa sasa nashona na kuuza nguo za harusi: magauni ya stara, shela, kanzu za maharusi na nguo za mama na mashangazi. Huku kwetu alizeti ikishavunwa na kuuzwa, fedha inaonekana mikononi na harusi zinafuatana. Na siku hizi bibi harusi akimaliza kupimwa gauni, swali linalofuata ni moja: "Dada, fungate twende Unguja mwezi gani?" Wengi wanajijibu wenyewe: Julai au Agosti, kwa sababu ndipo hela ipo.

Swali hilo linaonekana dogo, lakini kwa familia ya mkulima ni akiba ya mwaka mzima. Ukikosea mwezi unalala chumba kile kile kwa bei ya juu kabisa na kuvuka bahari ikiwa imechafuka, au unalipa bei ya chini na kuitazama mvua dirishani siku tano. Jibu lake lipo, na ni la zamani sana. Watu wa pwani walikuwa na majina ya kila kipande cha mwaka kabla hakujajengwa hoteli hata moja. Leo tupitie historia hiyo, kisha tupange safari kwa akili.

Msimu ni neno la bahari

Neno "msimu" tumelipata kutoka Kiarabu, mawsim, yaani wakati maalumu wa jambo. Mabaharia wa Kiarabu walilitumia kwa wakati wa safari za pepo za Bahari ya Hindi. Wareno walilisikia wakalichukua, na kutoka kwao likaingia katika lugha nyingine za Ulaya kuwa jina la pepo zenyewe. Kwa hiyo tunaposema "msimu wa watalii" tunatumia neno ambalo kwa karne nyingi lilikuwa la tanga na upepo.

Pepo kubwa ni mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takribani Desemba hadi Machi. Ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Oman, Yemen, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili au Mei, hupata nguvu Juni, Julai na Agosti, na ndiyo iliyowarudisha makwao. Mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza aliyeandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi alikwishajua kuwa meli huenda kwa miezi maalumu. Ibn Battuta alipokuja pwani yetu mwaka 1331, akapita Mogadishu na Mombasa hadi Kilwa, naye alifuata pepo hizo hizo. Aliwasifu watu wa Mombasa kwa dini yao na misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri.

Quran yenyewe, katika Sura Quraysh, inawakumbusha Maquraysh neema ya misafara yao miwili, ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Kusafiri kwa majira ni jambo kongwe katika umma wetu.

Kati ya kaskazi na kusi kuna vipindi ambavyo upepo haujaamua. Wazee wa pwani waliviita maleleji, au tangambili, kwa kuwa chombo kiliweza kutweka tanga kwenda huku au kule. Na kusi inapochoka, tangu mwisho wa Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, kuna majira yenye jina zuri kuliko yote: demani. Upepo ni wa kiasi, bahari imetulia, jua halijawa kali kama la Januari, na mvua za vuli hazijashika. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Wakati msimu ulipoamua ndoa

Kwa wanawake wa kisiwani, pepo hazikuwa habari za mabaharia peke yao. Majahazi yalifika na kaskazi, na wenye majahazi walilazimika kungoja mpaka kusi ianze. Walikaa wiki nyingi, wengine miezi. Walipanga nyumba, waliuza tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia, walinunua karafuu, pembe za ndovu na boriti za mikoko. Na wengine walioa. Nikahi ilifungwa kaskazi, na kusi ilipokuja mume akapanda chombo. Wako waliorudi mwaka uliofuata na zawadi, na wako ambao hawakuonekana tena. Familia nyingi za pwani zina babu aliyekuja na upepo.

Palikuwa pia na hofu. Katika karne ya 19, msimu wa majahazi ulikuwa wakati ambao wazazi wa mjini Unguja waliwachunga watoto wao kwa macho mawili, kwa sababu baadhi ya mabaharia wa kaskazini waliiba watoto na kuwapakia vyomboni kwenda kuwauza. Tunapoyatazama leo majahazi yenye tanga jeupe kwenye picha za fungate, tukumbuke kuwa mama wa wakati ule alipoliona tanga hilo hakukimbilia kupiga picha. Alihesabu watoto wake.

Safari hizo za tanga ziliendelea hadi karne ya 20. Mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan kutoka Aden, akashuka nalo na kaskazi hadi Unguja na delta ya Rufiji walikochukua boriti, na mwaka 1939 akarudi nalo na kusi mpaka Kuwait. Baadaye mafuta ya Ghuba yaliwapa mabaharia wale kazi nyingine, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 misafara mikubwa ya kila mwaka ikafifia.

Kalenda mbili katika nyumba moja

Watu wa visiwani waliishi na kalenda mbili bila kuzichanganya. Kalenda ya mwezi ilikuwa ya ibada: Ramadhani, Idd, Maulidi, eda, na tarehe za ndoa. Miezi baada ya Ramadhani waliihesabu Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili na kuendelea, na Mfunguo Mosi mpaka leo ni mwezi wa harusi nyingi. Lakini kalenda ya mwezi haiwezi kumwambia baharia lini kusi itaanza, kwa sababu kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja.

Hivyo walikuwa na mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, sikukuu yenye asili ya Uajemi, na walihesabu siku kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Nahodha na mkulima waliulizana wako mwongo wa ngapi ndipo wakajua watweke tanga au wapande mtama. Kumbukumbu ya mwaka huo bado ipo Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa kila Julai, ambapo wanaume hupigana kwa makuti ya migomba na wanawake huzunguka wakiimba.

Mimi naona hapo pana somo kwa bibi harusi. Tarehe ya nikahi waweza kuipanga kwa mwezi mwandamo, inshallah. Tarehe ya safari ipange kwa jua na upepo. Si lazima viwe wiki moja.

Sisi wa bara tulikuwa ndani ya historia hii

Kuna watu hudhani Unguja ni habari za watu wa pwani tu. Hapana. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaikata nyika kavu ya Mgunda Mkali kusini kwetu, upande wa Manyoni na Itigi, hadi Tabora. Pembe za ndovu zilizomtajirisha Sayyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat katika miaka ya 1830, zilibebwa kichwani na begani kwenye njia hiyo.

Wapagazi Wanyamwezi walikuwa na hesabu kali ya majira. Waliondoka baada ya mavuno, kiangazi, njia ikiwa kavu, na walitaka kuwa nyumbani kabla ya mvua za kupanda. Mfanyabiashara aliyewataka nje ya wakati huo alipata shida au alilipa zaidi. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, masika yanaanza, na bonde la Makata alilikuta limefurika maji na matope yaliyomla watu na punda. Aliingia Tabora Juni. Wapagazi wazoefu wangemwambia kuwa mwezi huo si wa kuanza safari.

Na si wote walioshuka pwani kwa hiari. Wengine kutoka bara walifika Unguja wakiwa watumwa, wanawake na watoto wakiwemo, wakauzwa soko la Mkunazini. Sayyid Barghash alisaini mkataba wa kulifunga soko hilo Juni 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897. Ukienda fungate, tenga saa moja ufike Mkunazini. Waombee waliopita pale. Wengi wetu wa bara hatujui majina yao, na huenda walikuwa wa damu yetu.

Kitambaa kinasimulia

Kama fundi siwezi kupita bila kusema neno la nguo. Waamerika wa Salem walianza kuleta pamba yao nyeupe nzito Unguja, na mwaka 1833 Marekani ikatia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said. Kitambaa hicho kikaitwa merikani, na jina hilo lilifika hadi vijijini kwetu, kwa kuwa misafara ililipa hongo na chakula kwa mikono ya merikani. Kitambaa cha rangi nyeusi ya nili kiliitwa kaniki. Merikani na kaniki ndizo nguo walizovaa watumwa na maskini wa kisiwani.

Kisha ikaja kanga. Mwanzoni wanawake walinunua leso sita zikiwa hazijakatwa, wakazikata tatu tatu na kuunganisha kwa sindano zikawa kipande kimoja kikubwa. Baadaye ikachapwa nzima. Utumwa ulipoondolewa, wanawake waliokuwa wakivishwa kaniki walivaa kanga za rangi, na baadaye buibui ambalo zamani lilikuwa la wanawake wa tabaka la juu. Ilikuwa ni kutangaza kwa nguo: mimi ni muungwana, nami najistiri. Kwa hiyo bibi harusi anayenunua doti ya kanga sokoni Darajani hanunui pambo tu. Na atakayeivaa begani akitembea mtaani, badala ya kutoka na nguo za ufukweni, anawaheshimu wenyeji na historia yao.

Aprili 1872, na kwa nini bei ya chini ina sababu

Kuna wanaosema: kama Julai ni ghali, twende Aprili, kila kitu nusu bei. Tusikilizeni historia. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kilivunja vyombo bandarini, zikiwemo meli za Sayyid Barghash, kikaangusha nyumba, minazi na sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba iliguswa kidogo tu, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu.

Kimbunga kama kile ni nadra mno kwetu, sisemi ili mtu aogope. Nasema kwa kuwa Aprili ni tangambili ya kwanza ya mwaka, nayo huja na masika. Mvua hunyesha kwa siku mfululizo, vichochoro vya Mji Mkongwe hujaa maji, na baadhi ya hoteli za pwani ya mashariki hufunga kabisa hadi Juni. Tangambili ya pili, ya Oktoba, ni kitu kingine. Ndiyo maana wazee hawakuridhika na neno moja la "kati ya misimu". Waliita moja masika na nyingine demani.

Fungate kabla ya hoteli

Fungate asili yake ni siku saba. Kwa mila za pwani, maharusi walikaa ndani siku hizo, wakipikiwa na kuhudumiwa, na somo au kungwi akiwa karibu kumwelekeza bibi harusi. Hakuna aliyesafiri, labda mwenye jumba la pili. Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, aliyetoka ukoo wa Shah, ili apumzike akitoka kwenye mashamba na mawindo. Chokaa yake yenye nakshi za maua na ndege bado inaonekana. Lakini binti yake Sayyid Said, Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kuwa ndoa hiyo iliishia kwenye talaka na bibi akarudi Uajemi. Jengo zuri halishiki ndoa, dada zangu.

Hoteli nyingi tunazoziona leo Nungwi, Kiwengwa na Paje zilikuja baada ya serikali ya Zanzibar kulegeza biashara katikati ya miaka ya 1980. Mji Mkongwe ukaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Hapo ndipo msimu ulipobadilisha mwenyewe. Zamani aliyeamua ni upepo, sasa ni likizo za shule za Ulaya na sikukuu za Krismasi. Julai na Agosti bei hupanda kwa sababu Wazungu wako likizo. Bahari haijabadili desturi yake: ni miezi ile ile ambayo kusi ina nguvu.

Na kusi si ya kuchezea. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, siku ya upepo mkali. Mwaka mmoja kabla, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Allah awarehemu wote. Misiba hiyo miwili inatufundisha mambo mawili tofauti: tazama bahari, na tazama chombo. Kikiwa kimejaa kupita kiasi, usipande hata kama upepo umelala.

Sasa tupange

Kwa bibi harusi wa Issuna, Ikungi au Manyoni, hesabu yangu ni hii. Alizeti inauzwa katikati ya mwaka. Fungeni nikahi wakati huo kama familia zinavyotaka, mkae fungate yenu ya siku saba nyumbani kama wazee, na fedha ya safari muiweke. Kisha msafiri kati ya katikati ya Septemba na mwisho wa Oktoba, ndani ya demani. Likizo za Ulaya zimekwisha, vyumba vinapatikana na bei inasemeka. Mnarudi kabla mvua za kupanda hazijaanza kwetu, sawasawa na mpagazi wa Mnyamwezi aliyejua lini jembe linamngoja.

Njia imekuwa rahisi. Tangu Agosti 2024 reli ya kisasa imeunganisha rasmi Dodoma na Dar es Salaam. Unachukua basi hadi Dodoma, treni saa chache, unalala Dar, na asubuhi boti ya saa mbili hivi hadi bandari ya Malindi. Msafara wa zamani ulitembea miezi. Chukueni kitambulisho, na cheti cha ndoa kiwe karibu, kwa kuwa nyumba nyingi za wageni za Waislamu hukiuliza.

Tazameni na mwezi mwandamo. Kwanza kwa Ramadhani, maana mchana migahawa mingi ya mjini hufungwa, na si wakati wa starehe. Pili kwa maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Paje na Jambiani bahari hukimbia mbali, na mtawaona kina mama wa mwani kwenye mashamba yao. Anayetaka kuoga kwa utulivu apange siku za maji mafu, katikati ya hapo. Anayetaka kuona kazi za wanawake wenzetu aende bamvua.

Mkifika Kizimkazi, ingieni mkautazame msikiti wa kale wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Aliyechonga yale maandishi, au aliyeyaagiza, naye alisubiri upepo wake.

Mkiwa safarini msisahau kupunguza sala na dua ya safari, maana dua ya msafiri haina kizuizi. Tuombeeni na sisi tunaobaki na vyerehani vyetu. Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, bahari laini na kurudi salama. Amin.